American Psycho (filamu ya mwaka 2000): mapokezi ya watazamaji

American Psycho ni filamu ya Marekani iliyotolewa mwaka 2000, ikiongozwa na Mary Harron, mzaliwa wa Kanada, kutokana na riwaya ya Bret Easton Ellis ya mwaka 1991. Christian Bale aliigiza kama Patrick Bateman, kijana tajiri wa Wall Street ambaye mchana ni mfanyakazi wa benki ya uwekezaji na usiku ni muuaji. Filamu inachanganya utisho na uchekeshaji, na mchanganyiko huo ndio uliowagawa watazamaji tangu siku ya kwanza. Mwaka 2000 wengi walitoka ukumbini wamechukia. Miaka iliyofuata ikapata wapenzi wengi na kuhesabiwa miongoni mwa tashtiti bora za zama zake. Tangu miaka ya 2020 limeibuka kundi la vijana wanaomwona Bateman kuwa mtu wa kuigwa. Mabadiliko hayo yote yanazunguka swali moja: katika filamu hii, anayechekwa ni nani?

Kisa kwa ufupi

Mambo yanatokea New York mwaka 1987. Bateman ana umri wa miaka 27 na cheo cha makamu wa rais katika kampuni ya Pierce & Pierce, cheo ambacho wenzake wote wanacho pia. Karibu hatumwoni akifanya kazi. Tunachokiona ni mafuta anayojipaka, mazoezi ya viungo, suti, na jitihada za kupata meza katika mgahawa wa Dorsia. Katika onyesho mashuhuri kuliko yote, wanaume wanaonyeshana kadi zao za biashara zinazofanana kwa karibu kila kitu, na Bateman anatokwa jasho kwa wivu akiiona ya Paul Allen (Jared Leto). Baadaye anamuua Allen kwa shoka, huku akimhutubia kuhusu muziki wa Huey Lewis and the News.

Wenzake hao huchanganyana majina kila mara. Mpelelezi Donald Kimball (Willem Dafoe) anamfuatilia Bateman bila kufika popote, na hata Bateman anapokiri makosa yake, hakuna anayemsikiliza.

Riwaya na hasira zilizotangulia

Watazamaji wa mwaka 2000 waliingia ukumbini wakiwa tayari na maoni. Mwishoni mwa mwaka 1990 kampuni ya Simon & Schuster iliacha kuichapisha riwaya ikiwa imebaki miezi michache tu itoke. Vintage ikaichukua na kuitoa mwaka 1991. Tawi la Los Angeles la Shirika la Taifa la Wanawake la Marekani liliitisha mgomo dhidi ya mchapishaji huyo, kwa sababu ya kurasa nyingi zinazoeleza kwa kirefu mateso wanayofanyiwa wanawake. Miongoni mwa waliokipinga kitabu hadharani ni mwanaharakati Gloria Steinem, ambaye mwaka 2000 aliolewa na David Bale, baba wa mwigizaji Christian Bale. Nchini Australia kitabu kiliuzwa kikiwa kimefungwa kwa plastiki, na kwa watu wazima pekee.

Filamu ilipigwa Toronto mwaka 1999, na huko pia kulikuwa na upinzani. Riwaya ilikuwa imetajwa katika habari za Paul Bernardo, muuaji aliyehukumiwa katika jiji hilo mwaka 1995, na kidonda cha wakazi kilikuwa bado kibichi. Mwezi Aprili 1999 yakatokea mauaji katika shule ya Columbine, Marekani, na mjadala kuhusu ukatili katika burudani ukapamba moto. Waliopinga hawakuwa na haja ya kuiona filamu ili kuiogopa. Walikuwa wamesoma kitabu, au wamesimuliwa.

Filamu mikononi mwa wanawake wawili

Haiwezekani kuyaelewa mapokezi bila kujua Harron alibadilisha nini. Mwaka 1998 kampuni ya Lions Gate ilitaka kumpa jukumu Leonardo DiCaprio, aliyekuwa kileleni baada ya Titanic, na Oliver Stone akatajwa kuwa mwongozaji badala ya Harron. Mpango huo ulivunjika. Harron akarudishwa pamoja na Bale, mwigizaji aliyekuwa amemng'ang'ania tangu mwanzo, kwa bajeti ya dola milioni 7 hivi.

Mswada aliuandika pamoja na Guinevere Turner, ambaye pia aliigiza kama Elizabeth. Wawili hao waliiona riwaya kuwa dhihaka juu ya wanaume na majivuno yao, wakaamua filamu iwe hivyo waziwazi. Sehemu kubwa ya ukatili ikaondolewa mbele ya kamera. Shoka linapomwangukia Allen, tunauona uso wa Bateman unaorukiwa na damu, hatulioni jeraha. Koti lake la mvua la plastiki, magazeti aliyotandaza sakafuni na hotuba yake kuhusu muziki wa pop vinamfanya aonekane kituko hata anapotisha.

Badiliko la pili halitajwi sana, nalo lina uzito zaidi. Kamera inakaa na wanawake. Christie (Cara Seymour), mwanamke anayeuza mwili barabarani, anaonekana akisita kuingia tena kwenye gari la Bateman, kwa kuwa mara ya kwanza alilazimika kwenda hospitali. Jean (Chloë Sevigny), katibu wake, anafunua daftari la bosi wake na kukuta michoro ya mauaji. Nyuso zao ndizo zinazotuambia maovu haya yana uzito gani. Anayezitazama vizuri hawezi kuondoka akidhani filamu inamshangilia muuaji.

Sundance na daraja la umri

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance mwezi Januari 2000, na tangu hapo maoni yakagawanyika. Waliotarajia damu kama ya kitabuni waliona imepunguzwa mno. Waliokuja wakiwa na hofu walishangaa kuwasikia wenzao wakicheka.

Chama cha kampuni za filamu Marekani kilikuwa kimeipa daraja la NC-17, ambalo haliruhusu watoto kabisa. Kilichokiudhi zaidi kilikuwa onyesho la ngono la Bateman na wanawake wawili, ambamo Bateman anajitazama kwenye kioo na kujivunia misuli yake. Watengenezaji walikata sekunde 18 hivi wakapata daraja la R, ambalo humruhusu aliye chini ya miaka 17 akiwa na mzazi au mlezi. Wengi waliona ajabu kwamba ngono ndiyo iliyokuwa kikwazo katika filamu yenye shoka na msumeno wa injini, na jambo hilo likawa sehemu ya mjadala wa filamu yenyewe.

Wahakiki na watazamaji wa kawaida

Filamu ilifika kwenye kumbi za Marekani tarehe 14 Aprili 2000. Wahakiki wengi waliipokea vizuri, ingawa si wote. Roger Ebert aliipa nyota tatu kati ya nne, akaona ni heri kwamba ameiongoza mwanamke, kwani riwaya ya kiu ya damu imekuwa filamu kuhusu ubatili wa wanaume. Bale alisifiwa hata na baadhi ya wale walioikosoa filamu. Tabasamu lake lisilo na mtu nyuma yake lilionekana kuwa kiini cha kazi nzima.

Watazamaji wa kawaida walikuwa na hukumu nyingine. CinemaScore, kampuni inayowahoji watu wanapotoka ukumbini katika siku za mwanzo za filamu, ilipata wastani wa alama D kwa kipimo kinachoanzia A+ hadi F. Ni alama mbaya sana, kwani mtu aliyelipa tiketi kwa hiari yake kwa kawaida hutoa A au B. Hata hivyo filamu haikupata hasara. Iliingiza takriban dola milioni 15 Amerika ya Kaskazini, na zaidi ya milioni 34 duniani kote.

Pengo hilo kati ya wahakiki na watazamaji lina sababu zinazoeleweka. Jina la filamu na matangazo yake yaliahidi filamu ya kutisha ya muuaji na mpelelezi. Mtazamaji wa filamu ya namna hiyo hungoja mambo matatu: hofu inayopanda, muuaji kukamatwa, na haki kutendeka. American Psycho inamnyima yote matatu. Hofu inakatizwa na vichekesho, Kimball anatoweka kwenye kisa, na Bateman anabaki mezani na marafiki zake. Zaidi ya hayo, haimpi mtazamaji ruhusa ya wazi ya kucheka. Anayecheka wakati Bateman anacheza dansi na shoka huku Allen akiwa amempa kisogo hubaki na swali kama amefanya dhambi. Asiyecheka humtazama jirani yake kwa mashaka.

Mzozo kuhusu mwisho

Hakuna sehemu iliyobishaniwa kama dakika za mwisho. Mashine ya kutolea pesa inamwamuru Bateman ailishe paka, magari ya polisi yanalipuka kwa risasi zake chache, nyumba aliyoficha maiti inakutwa imepakwa rangi mpya, na wakili wake anadai amekula na Paul Allen mjini London siku chache zilizopita. Watazamaji wengi walihitimisha kwamba mauaji yote yalikuwa ndoto za mchana, na wengine wakahisi wamedanganywa.

Harron na Turner wamelikana hitimisho hilo mara nyingi. Harron amesema anaona ameshindwa kiasi fulani, kwa kuwa watu walitoka wakiamini kila kitu kilikuwa kichwani mwa Bateman. Alitaka utata ubaki, hakutaka makosa yafutwe. Filamu yenyewe inamuunga mkono. Wakili anamwita Bateman kwa jina la mtu mwingine, kwa hiyo hata madai yake kuhusu Allen hayaaminiki. Mwanamke anayeuza ile nyumba anamwambia Bateman aondoke na asilete matatizo, kwa sauti ya mtu mwenye mali ya thamani ya kulinda. Ukiitazama hivyo, filamu inasema jambo zito kuliko ndoto: katika jamii hii tajiri anaweza kuua na hata kukiri, na wenye faida zao wakaamua kutosikia. Ellis kwa upande wake amesema riwaya yake haikuhitaji kufanywa filamu, kwa kuwa kitabu kinaishi ndani ya akili ya msimulizi, ilhali kamera hudai jibu la nini kimetokea na nini hakikutokea.

Kupendwa baadaye

Filamu ilipata maisha ya pili majumbani, kupitia DVD. Mtu aliyejua tayari kwamba mpelelezi hatafanikiwa hakuwa tena na sababu ya kukasirika. Aliweza kuyasikiliza mazungumzo, kuona jinsi wanaume hawa wanavyofanana, na hata kugundua kosa la tahajia lililorudiwa kwenye kadi zinazojivunia ubora. Maonyesho ya kadi na ya shoka yakaanza kuigizwa kila mahali. Mwaka 2013 Huey Lewis mwenyewe, ambaye wimbo wake uliondolewa kwenye albamu ya filamu, aliigiza mzaha wa onyesho la shoka pamoja na "Weird Al" Yankovic.

Si kila kilichofuata kilifaulu. American Psycho 2 ya mwaka 2002, aliyoigiza Mila Kunis, ilipuuzwa na wapenzi wa filamu ya kwanza. Tamthilia ya muziki yenye nyimbo za Duncan Sheik ilianza London mwaka 2013 katika ukumbi wa Almeida, Matt Smith akiwa Bateman. Ilipohamia Broadway mwaka 2016 ilifungwa baada ya miezi michache tu.

Bateman kama kielelezo

Mapokezi ya karibuni zaidi ndiyo yanayohitaji kutazamwa kwa makini. Kwenye mitandao ya kijamii, hasa TikTok, vipande vya Bateman akitembea ofisini au akifanya mazoezi huunganishwa na muziki na kutolewa kama mfano wa mwanaume kamili, mwenye nidhamu, tajiri, asiyemhitaji mtu. Baadhi ya wanaovisambaza wanatania. Wengine hawatanii.

Jambo hilo lina mizizi ya zamani. Bale amesimulia kwamba alipokutana na madalali wa Wall Street wakati wa kujiandaa, walimwambia wanampenda Bateman. Alipouliza kama wanasema kwa mzaha, hawakuelewa swali. Nyani haoni kundule. Mwaka 2025, filamu ilipotimiza miaka 25, Harron alieleza jinsi anavyoshangazwa na mashabiki wa aina hiyo, kwani filamu inawadhihaki wanaume hao waziwazi. Alikumbusha pia kwamba riwaya iliandikwa na mwanaume shoga kama dhihaka juu ya uanaume.

Kosa la mashabiki hao linatokana na jinsi wanavyotazama. Kipande cha sekunde 15 huchukua suti, mwili na nyumba, kikamwacha Christie ndani ya gari na Jean mbele ya daftari. Wanawake wakiondolewa, na jasho la wivu juu ya kadi likiondolewa, kinachobaki ni tangazo la maisha yaleyale ambayo filamu iliyafichua kuwa tupu. Mtu anayemwiga Bateman anamwiga mhusika ambaye mwenyewe anakiri kwamba ndani yake hamna mtu, na ambaye hata wenzake hawalikumbuki jina lake.

Kwa sababu hiyo ile alama D ya mwaka 2000 inastahili heshima kuliko inavyopewa. Watazamaji wale hawakuipenda filamu, lakini walihisi vema kwamba Bateman ni mtu wa kuchukiza na kwamba kumcheka kuna gharama. Mwaka 2024 Lions Gate, ambayo sasa huitwa Lionsgate, ilitangaza mpango wa kuifanyia riwaya filamu mpya chini ya Luca Guadagnino. Kizazi kipya kitakachoiona kitapaswa kuanza pale walipoishia watazamaji wa kwanza: kucheka ikibidi, bila kuacha kuziangalia nyuso za waliouawa.