Jaribio la kutembea kwa dakika sita

Jaribio la kutembea kwa dakika sita ni kipimo cha kitabibu kinachoonyesha uwezo wa mtu kuhimili kazi ya mwili. Mgonjwa hutembea kwenye njia tambarare kwa dakika 6, na umbali aliofika hupimwa kwa mita. Hutumika hasa kwa wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi ipasavyo, na pia kwa wenye magonjwa sugu ya mapafu.

Kwa nini kutembea

Moyo ukishindwa kusukuma damu ya kutosha, misuli hukosa oksijeni na mgonjwa huchoka au huhema kwa kazi ndogo. Akiwa amekaa kitini anaweza kuonekana mzima; udhaifu hujitokeza anapotembea. Kipimo kamili zaidi ni kile cha mashine ya kukimbilia au baiskeli isiyosogea, ambapo oksijeni inayotumiwa na mwili hupimwa, lakini vifaa vyake ni ghali na huhitaji wataalamu. Kutembea huhitaji korido, koni mbili, kiti na saa, tena hufanana na shughuli za kila siku.

Historia

Mwaka 1963 Bruno Balke, akifanya kazi Marekani, alieleza namna ya kukadiria uwezo wa mwili kwa umbali unaokwenda katika muda maalumu. Mwaka 1968 Kenneth Cooper alitangaza jaribio la dakika 12 kwa watu wenye afya. Mwaka 1976 McGavin na wenzake walilitumia kwa kutembea kwa wagonjwa wa mkamba sugu. Kwa kuwa dakika 12 ziliwachosha mno wagonjwa, Butland na wenzake walionyesha mwaka 1982 kwamba dakika 6 zinatosha. Mwaka 1985 Gordon Guyatt na wenzake nchini Kanada walilipendekeza kwa wagonjwa wa moyo. Mwongozo wa Chama cha Magonjwa ya Kifua cha Marekani ulitolewa mwaka 2002.

Namna ya kulifanya

Mwongozo huo unataka njia iliyonyooka ya mita 30, yenye koni kila mwisho. Mgonjwa huvaa viatu vya kawaida, hutumia dawa zake kama siku zote, na kama hutembea kwa mkongojo huja nao. Hupumzika kitini dakika 10 kabla ya kuanza. Mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha kuhema huandikwa.

Mgonjwa huelekezwa kutembea mbali kadiri awezavyo bila kukimbia. Akichoka anaruhusiwa kupunguza mwendo au kusimama, lakini saa haisimamishwi. Mpimaji hatembei naye, kwa sababu atambadilishia mwendo. Husema maneno yaleyale mafupi kila baada ya dakika moja. Sharti hilo lina sababu: Guyatt na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba kumtia mtu moyo huongeza umbali wake. Mgonjwa akishangiliwa leo na kuachwa kimya mwezi ujao, ataonekana amezidiwa hali hajabadilika.

Umbali huhesabiwa hivi: kwenda na kurudi ni mita 60. Aliyekamilisha mizunguko 6 na mita 24 za ziada ametembea 6 × 60 + 24 = mita 384.

Maana ya matokeo

Katika utafiti wa Enright na Sherrill wa mwaka 1998 huko Marekani, umbali wa kati kwa watu wazima wenye afya ulikuwa mita 576 kwa wanaume na 494 kwa wanawake. Umri, kimo na uzito huathiri matokeo.

Mwaka 1993 Bittner na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa takriban miezi 8. Kati ya waliotembea chini ya mita 300, takriban 10 kwa kila 100 walifariki. Kati ya waliofika mita 450 au zaidi, takriban 3 kwa kila 100. Kwa hiyo umbali mfupi ni onyo kwamba mgonjwa ahudumiwe kwa karibu zaidi. Hata hivyo jaribio halitaji chanzo cha ugonjwa: maumivu ya goti nayo hufupisha umbali.

Usalama

Jaribio halifanywi kwa mtu aliyepata shambulio la moyo au maumivu ya kifua yasiyotulia katika mwezi uliotangulia. Tahadhari huchukuliwa ikiwa mapigo yanazidi 120 kwa dakika au shinikizo la damu linazidi 180/100 mtu akiwa amepumzika. Husimamishwa mara moja mgonjwa akipata maumivu ya kifua, akihema kupita kiasi, akipepesuka, akitokwa jasho lisilo la kawaida au akipauka.

Jaribio la karibu nalo

Jaribio la kutembea kwa mlio lilielezwa na Singh na wenzake nchini Uingereza mwaka 1992. Mgonjwa huzunguka njia ya mita 10 akifuata milio iliyorekodiwa, na mwendo huongezwa kila dakika mpaka ashindwe kwenda nao. Hapo mwendo huamuliwa na mlio. Katika dakika sita huamuliwa na mgonjwa mwenyewe.