Magadi ya Shosho na Mlima wa Mungu

Julai 2007 vikombe vililia kwenye kabati letu hapa Ngoingwa. Nilikuwa na miaka saba. Shosho alitoka nje na mwiko mkononi, akasimama katikati ya ploti akiangalia upande wa Kilimambogo, kana kwamba mlima huo ndio ulikuwa umemkosea. Nairobi watu walishuka ngazi za maofisi mbio. Redio ikasema ni tetemeko, limetoka Tanzania. Basi. Githeri ikarudi motoni.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba lile tetemeko na yale magadi ambayo shosho alitia kwenye githeri ili mahindi yaive haraka vilitoka kwenye bonde moja. Yeye alisema tu kwamba magadi ni ya Wamaasai. Hakukosea.

Msafara wetu ulianza na wivu. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameweka kwenye simu picha ya Salar de Uyuni, ule uwanja wa chumvi wa Bolivia, zaidi ya kilomita 10,000 za mraba, mita 3,600 na kitu juu ya bahari. Nauli ya huko tungeuza shamba la mtu. Nikamwambia chumvi yetu iko chini: Ziwa Magadi liko kwenye kama mita 600 tu, unashuka kutoka Ngong mpaka masikio yanaziba. Bolivia wanakosa pumzi, sisi tunakosa kivuli. Tukachanga pesa, tukawa wanne, na mabegi ya kuazima.

Magadi ukifika unaweza kudhani kuna theluji, kisha harufu inakurudishia akili. Maji ya chemchemi za moto yanaingia ziwani, jua linayakausha, inabaki magadi ngumu ambayo unaweza kutembea juu yake. Yakichomwa kiwandani yanatoa unga mweupe wa kutengenezea vioo na sabuni. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka wa 1911, reli ikavutwa kutoka Konza mpaka ukingoni mwa ziwa. Baadaye ikapita mikono ya Waingereza wengine, na tangu 2005 ni ya Tata ya India.

Sasa, 1911 ni mwaka wa kushika. Mwaka wa 1904 Waingereza waliwafanya Wamaasai waondoke kwenye malisho ya Bonde la Ufa, wagawanywe, wengine wapelekwe Laikipia na wengine huku kusini, na wakaahidiwa kwamba mpango huo ni wa milele. Milele ilidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 mkataba wa pili ukawatoa Laikipia, wasukumwe kusini na ng'ombe wao. Sisemi mambo hayo na kampuni yalipangwa kwenye meza moja. Nasema ukisimama pale, kwenye joto lile, unaelewa kwa nini hakuna setla aliyelitaka eneo hili kwa kulima, na kwa nini kitu pekee chenye bei sokoni kilipewa kampuni.

Mambo ya 1962 ndiyo yalitushika zaidi. Flamingo, ambao kwa kawaida huzaliana Ziwa Natron, walikuja kutaga Magadi kwa wingi usio wa kawaida. Vifaranga walipoanza kutembea, magadi yaliganda miguuni mwao kama pingu za mawe, wakashindwa kusonga. Watu wa kujitolea waliingia humo ziwani kuvunja pingu hizo, kifaranga mmoja mmoja. Maelfu walifunguliwa.

Ungedhani tungejifunza kitu kuhusu miguu.

Natron iko upande ule mwingine wa mstari ambao Mwingereza na Mjerumani walichora 1886, kwa hivyo kutoka Magadi tulirudi mpaka Namanga, tukavuka, tukapita Arusha na Mto wa Mbu, kisha saa kadhaa za vumbi mpaka Engaresero. Huko rafiki yangu, yule wa Bolivia, alivua viatu apigwe picha kwenye tope la ziwa. Mwaka wa 1954 Leslie Brown, afisa wa kilimo kutoka Kenya, aliona kutoka kwenye ndege kwamba flamingo wanazaliana humo, akajaribu kuwafikia kwa miguu. Magadi yaliingia kwenye buti zake, yakamchoma miguu vibaya, akalazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Hadithi hiyo niliijua. Sikuisema kwa sababu picha ilikuwa inatoka poa.

Tulianza kupanda Ol Doinyo Lengai karibu saa sita usiku. Jina ni la Kimaasai, Mlima wa Mungu. Ndio volkeno pekee hai duniani ambayo lava yake ni ya namna ya magadi: nyeusi, nyepesi kama mafuta, na joto lake ni kama nusu ya lava ya kawaida. Ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Watu walioiona zamani walidhani ni matope, hadi mwanajiolojia Barry Dawson alipoipima miaka ya 1960 na kuonyesha ni lava kweli.

Katikati ya mteremko rafiki yangu alikaa chini. Malengelenge yalikuwa yamepasuka. "Pole kaka," kiongozi wetu akamwambia, akaagiza mwenzake abaki naye. Akatugeukia: "Nyinyi mnasemaje?" Wawili wakanyamaza. Mimi nikasema twende.

Juu kuna shimo. Kabla ya 2007 kreta hiyo ilikuwa imejaa lava mpaka pomoni, watu wakitembea juu yake. Julai ile mwamba ulioyeyuka ulisukuma njia chini ya mlima jirani wa Gelai, ndipo vikombe vyetu vikalia, na Septemba Lengai ikalipuka, ikaendelea hadi 2008. Niliangalia ndani ya kile kilichomtoa shosho jikoni. Sikukaa sana.

Kesho yake tulipelekwa kuona nyayo. Ziko zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyogeuka jiwe, umri wake kati ya miaka 5,800 na 19,000 hivi, na mwanakijiji ndiye aliyeziona kwanza kabla ya wanasayansi. Watu 17, wengi wao wanawake kwa makadirio ya watafiti, walielekea kusini magharibi pamoja, kwa mwendo mmoja. Nyingine chache zinakwenda upande wa pili, moja moja, kuna aliyekuwa akikimbia.

Rafiki yangu alikuwa amefunga mguu kwa leso. Hakuwa amenisemesha tangu usiku. Aliangalia zile za yule mkimbiaji, akazinyooshea kidole.

"Huyo ni wewe," akasema.