Mfundishaji wa Farasi na Mfundishaji wa Maksai

Katika maisha yangu nimewaona simba mara nyingi kuliko farasi. Jambo hili huwashangaza wajukuu zangu, ambao wameona farasi kila siku katika televisheni, lakini hawajawahi kusikia simba akinguruma usiku nyuma ya nyumba. Mimi nilizaliwa Masumbwe, kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Ushirombo na kuendelea hadi Rwanda. Zamani tulihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 tumo katika wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita. Siku hizi wageni wakija hapa huulizia dhahabu. Nilipokuwa mtoto, jambo la kwanza ambalo mgeni aliuliza lilikuwa ndorobo.

Ndorobo ndiye mbung'o, yule inzi wa porini anayeuma kama sindano ya moto. Mwaka 1895 daktari mmoja wa jeshi la Waingereza, David Bruce, akiwa katika nchi ya Wazulu, alianza kuonyesha kwamba inzi huyo ndiye anayebeba vijidudu vya nagana, ugonjwa unaowamaliza ng'ombe, na kuwamaliza farasi upesi zaidi. Wazee wetu walilijua jambo hilo bila darubini. Kule Shinyanga serikali ya Waingereza iliweka kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Bwana Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, na watu kwa maelfu waliitwa kufyeka mapori kwa mashoka yao wenyewe. Kwa hiyo msomaji asishangae kwamba katika nchi yetu hakuna hadithi za farasi. Waliojaribu kuwaleta bara walijuta. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja akiwa zawadi ya Seyyid Barghash. Walipofika Kingaru, mwendo wa siku chache tu kutoka pwani, mmoja akafa, akazikwa. Jumbe wa mahali pale akaja kudai faini ya vitambaa kwa kuwa mgeni amezika mnyama katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamjibu kwamba yuko tayari kumfukua farasi na kumwacha pale juu kama alivyokufa. Jumbe akatafakari harufu itakayofuata, akaona heri yaishe. Muda si mrefu farasi wa pili naye akafa. Katika vita vya mwaka 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini waliokwenda Kondoa Irangi walipoteza farasi kwa mamia njiani, na wengi wakamaliza vita kwa miguu.

Basi mimi sikukua na farasi. Nilikua na maksai, kwa sababu baba yangu alikuwa mfundishaji wa maksai.

Kazi hiyo aliipata Usukuma alipokuwa kijana, akaileta kwetu mahali pori lilipokuwa limefyekwa na ng'ombe wameanza kuweza kuishi. Watu walimletea madume waliohasiwa, wenye umri wa miaka mitatu hivi, wakali, wasiojua kamba. Yeye hakuanza na nira hata siku moja. Kwanza alikaa nao tu. Aliwashika nundu, akawakuna chini ya shingo, akawaita majina. Kisha kamba. Kisha nira bila mzigo, mgeni akiwa amefungwa pamoja na maksai mzee aliyekwisha kuizoea kazi, kwa maana baba alisema ng'ombe hufundishwa na ng'ombe, mtu ni msaidizi. Baadaye gogo la kuburuta, kesho gogo kubwa zaidi, na mwisho kabisa plau. Mimi nilikuwa mtoto wa mbele, yule anayeshika kamba na kuongoza njia. Malipo yake yalikuwa mbuzi, au debe la mahindi, au ahadi.

Siku moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikwenda kwenye msiba akaniachia maksai mmoja mwekundu aitwaye Shida, ambaye alikuwa amebakiza wiki moja ya mafunzo. Nilitaka baba arudi akute kazi imekwisha. Shida alisimama katikati ya shamba, akakataa. Nikampiga. Akalala chini. Nikampiga akiwa amelala, usoni, hata damu ikatoka puani. Baba aliporudi hakunigombeza. Alimtazama yule maksai, akaniambia, "Mwanangu, huyu sasa amejifunza." Sikuelewa. Nilielewa msimu uliofuata: Shida hakuvuta tena plau. Kila alipofungwa nira alilala chini. Mwenyewe alimchukua akamchinja, na baba akamlipa mbuzi wawili kwa kosa langu.

Miaka ya sabini nilikuwa karani Nairobi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tukarudishwa makwetu. Jumapili moja rafiki yangu mmoja aliyependa kamari alinichukua mpaka uwanja wa mbio za farasi wa barabara ya Ngong, ule uliofunguliwa mwaka 1954. Yeye alitazama karatasi ya majina na namba. Mimi nilitazama jinsi farasi walivyozungushwa kabla ya mbio. Kila farasi alikuwa na mtu wake, Mwafrika, ameshika kamba, akimsemesha polepole maneno yasiyosikika. Katika lugha yetu mtu huyo huitwa saisi. Farasi mmoja alikuwa anatetemeka na kurusha kichwa, na saisi wake akamwekea kiganja shingoni, akakiacha hapo. Nilijiona mimi na baba. Kisha wakaja wapandaji wenye nguo za rangi, masaisi wakarudi nyuma ya uzio, na katika karatasi ya rafiki yangu nikasoma jina la farasi, la mwenye farasi, la mpandaji na la mfundishaji. La saisi halikuwamo.

Kiwanja hicho kilikuwa mahali pa kazi pa mwanamke mmoja ambaye nilikuja kumjua baadaye kwa njia ya kitabu: Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka minne hivi. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba Njoro, nyanda za juu zenye baridi ambako ndorobo hawafiki, na hiyo ndiyo sababu farasi waliishi kule na si kwetu. Mama alirudi Uingereza. Mtoto akabaki na baba yake, na farasi, na watoto wa Kinandi na Kipsigisi aliocheza nao, kuruka nao na kuwinda nao nguruwe kwa mkuki.

Ukame ulipomfilisi baba yake, akaondoka kwenda Peru kufundisha farasi wa watu wengine, Beryl akachagua kubaki. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi na minane. Akapata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza kuipata katika Kenya. Naomba msomaji auweke mwaka huo akilini. Ni wakati uleule, kuanzia 1919 na 1920, ambapo kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetoka kwenda kutafuta kazi alilazimishwa kubeba kipande, karatasi ya alama za vidole ndani ya kijaluba cha chuma alichokivaa shingoni. Msichana alipewa karatasi ya kumruhusu kufundisha, na wale waliokuwa wakilala na farasi mazizini walipewa karatasi ya kuwazuia wasimkimbie mwajiri. Simlaumu yeye kwa sheria hiyo, kwani hakuitunga. Lakini historia ya kazi yake haikamiliki kwa karatasi moja tu.

Miongoni mwa watoto aliocheza nao alikuwamo Kibii, mwana wa arap Maina. Baba huyo alikwenda vitani katika Vita Kuu ya Kwanza asirudi. Kibii alipotiwa jandoni akawa arap Ruta, akaja kufanya kazi kwa Beryl, kwanza kwa farasi na baadaye hata kwa ndege zake. Katika kitabu chake cha mwaka 1942, kiitwacho West with the Night, Beryl analitaja jambo ambalo wengi wa rika lake wangelipita. Anaeleza kwamba yule aliyekuwa akitembea naye ubavuni utotoni, sasa atatembea nyuma yake. Halisifu wala halipigi vita. Analiona, analiandika, anaendelea na safari. Nilipolisoma mara ya kwanza, katika nakala kuukuu niliyoinunua Mwanza, nilikifunga kitabu nikakaa. Mara ya pili niliona kwamba angeweza kutoliandika kabisa, na nikamheshimu kidogo.

Ushindi wake uliompa jina ulikuwa mwaka 1926, katika mbio za St Leger za Nairobi. Farasi aliitwa Wise Child, jike mwenye damu nzuri na miguu mibovu, kwa kuwa kano zake zilikwisha kuharibiwa kwa kukimbizwa kabla ya wakati. Farasi wa namna hiyo humkimbizi ukaona kama ataweza. Unamtembeza. Unamkanda miguu asubuhi na jioni, unamfunga vitambaa, unamwongezea mwendo kidogo kidogo huku ukipapasa kwa vidole kama pana joto. Ni kazi ya miezi, na ni kazi ya mikono. Mikono mingi katika zizi lile haikuwa ya Beryl, ingawa jicho lilikuwa lake, na jicho si kitu kidogo. Baba yangu naye alikuwa na jicho. Aliweza kumtazama maksai akitoka zizini akasema leo huyu asifungwe, na asubuhi ya pili ukakuta kweli mguu umevimba.

Wazungu wana mchezo mwingine uitwao dresaji, uliomo katika Olimpiki tangu mwaka 1912. Humo farasi hashindani kwa mbio. Anakwenda kwa madaha, anabadili hatua, anazunguka mahali pamoja, na mpandaji anaonekana kama hafanyi lolote. Mgiriki Xenophon, aliyeishi karne nne hivi kabla ya Kristo kuzaliwa, aliandika juu ya ufundi huo akashikilia kwamba farasi akilazimishwa hawezi kupendeza, sawasawa na mcheza ngoma anayechapwa. Niliposoma hayo nilimkumbuka Shida amelala chini na damu puani. Xenophon alikuwa jemadari na ana vitabu. Baba yangu alikuwa hajui kusoma, na walisema jambo moja.

Maisha ya Beryl yaliyobaki yanajulikana zaidi kwa ndege kuliko kwa farasi. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi kuvuka Atlantiki, akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, baada ya saa zaidi ya ishirini, akatoka akiwa hai na jeraha la kichwa. Dunia ikampigia makofi kwa muda, ikamsahau. Baadaye alirudi Kenya, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, palipo kiini cha maisha yake. Mtu aliyevuka bahari kwa ndege alirudi kupapasa miguu ya farasi alfajiri. Farasi aliowafundisha walishinda Derby ya Kenya mara sita. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo palepale uwanjani Ngong, fedha zikiwa chache, mpaka kitabu chake kilipochapwa upya Marekani mwaka 1983 na kumpatia riziki. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Baba yangu alifariki miaka minne baada ya hapo. Kwa hesabu yangu, ambayo nimeifanya kwa kukumbuka nyumba hadi nyumba, alifundisha jozi zisizopungua mia mbili, na mashamba mengi ya pamba na tumbaku kati ya Masumbwe na Ushirombo yalilimwa na wanyama waliopita mikononi mwake. Nilikwenda mimi mwenyewe kuandikisha kifo chake. Karani, kijana mwenye adabu, aliniuliza jina, umri, kabila, kijiji. Kisha akauliza, "Mzee alikuwa na kazi gani?" Nyuma yangu palikuwa na foleni, jua lilikuwa kali, na nilitaka kuwahi gari la kurudi.

Nikajibu, "Mkulima."

Akaandika. Karatasi hiyo ninayo hadi leo, pamoja na kitabu cha Beryl, katika sanduku moja. Nira yake ya mwisho iko kwa mdogo wangu, naye huitumia kuzibia pengo la uzio wa zizi.