Mapishi ya nyumbani yaliyovuka bahari mara mbili

Wilaya ya Al Qabil iko katika eneo la Sharqiya nchini Oman, kati ya Ibra na Bidiya, mbali na pwani. Ni nchi ya mitende, milima mikavu na mchanga wa jangwa. Hata hivyo historia ya meza ya chakula katika sehemu hiyo haiwezi kuelezwa bila ya kuitaja Unguja. Katika nyumba nyingi za Waomani wenye asili ya Afrika Mashariki, huko Sharqiya na hata mjini Muscat, wanawake hupika kwa oda mandazi, sambusa, vitumbua, mkate wa kumimina na biriani kwa ajili ya harusi, futari na sikukuu. Biashara hiyo ya nyumbani huonekana kuwa jambo la siku hizi. Kwa hakika ina mizizi ya zaidi ya miaka 150.

Muuza vitu vitamu aliyefika Tabora

Al Qabil ni makao ya tangu zamani ya viongozi wa kabila la al-Harthi. Kutoka huko alitokea Sheikh Isa bin Salih al-Harthi, mmoja wa wahusika wakuu wa Mkataba wa Seeb wa mwaka 1920. Watu wa kabila hilo walisafiri kwa wingi kwenda Afrika Mashariki, hasa baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, yakarudi na upepo wa kusi yakiwa na boriti, nazi na karafuu.

Mwezi wa Novemba 1857, wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Aliyewapokea kwa ukarimu alikuwa Snay bin Amir wa kabila la al-Harthi. Burton aliandika kwamba mwenyeji wake huyo alianza maisha kama mtengenezaji wa vitu vitamu mjini Muscat, na katika muda wa miaka 16 akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa biashara ya pembe za ndovu na watumwa.

Kisa hicho kina pande mbili. Kwanza kinaonyesha kwamba kwa Muomani asiye na mali, ufundi wa kupika uliweza kuwa mlango wa kuingilia katika biashara. Pili, kinakumbusha kwamba utajiri uliofuata ulipatikana kwa kuuza watu.

Ni mikono ya nani?

Upande huo wa pili uliingia hadi jikoni. Familia za leo husema kuwa mapishi yao ni urithi wa bibi, na hilo ni kweli. Lakini katika majumba ya wenye mashamba ya karafuu, kazi ya kukuna nazi, kutwanga bizari na kukaa mbele ya moto ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake wa Kiafrika waliokuwa watumwa au masuria. Masuria hao walikuwa pia mama wa watoto wa nyumba. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini masuria hawakuhusishwa na sheria hiyo, na suala lao lilisubiri hadi mwaka 1909. Nchini Oman kwenyewe utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970.

Kwa hiyo nazi iliyoingia katika wali na mchuzi haikufika mezani kwa safari ya majahazi peke yake. Ilifundishwa na wanawake waliojua kuitumia tangu utotoni, na ambao majina yao hayamo katika nasaba za ukoo. Kwa upande wao Waomani walileta chao. Bokoboko, ngano iliyopikwa na nyama mpaka ikashikana na kumiminiwa samli, ndiyo harisi ya Oman. Halua na kahawa vilivuka bahari vivyo hivyo.

Biashara ya mlangoni

Katika miji ya Waswahili, tokea Lamu hadi Unguja, wanawake wengi wa nyumba za heshima walikuwa wametawa, yaani hawakutoka nje ovyo. Hilo halikuwazuia kutafuta riziki. Walipika ndani, na mtoto au mtumishi akapeleka sinia la vitumbua, kachori au visheti mtaani. Mjane au mwanamke aliyeachwa aliweza kulea watoto kwa jiko la makaa na karai moja, bila ya kukanyaga sokoni. Fedha ile ilikuwa yake.

Ujuzi huo ulipata thamani kubwa zaidi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, mwaka 1964. Maelfu ya watu wenye asili ya Kiarabu waliuawa, na wengine wengi walikimbia. Mashamba yalichukuliwa, na waliokimbia waliacha nyumba na maduka. Mapishi hayakuweza kutaifishwa.

Baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka Julai 23, mwaka 1970, Waomani waliokuwa nchi za nje walitakiwa warudi kuijenga nchi. Waliorejea kutoka Afrika Mashariki walikuja na Kiswahili, na wengi wao wakiwa na elimu ya Kiingereza, wakapata kazi serikalini na katika mashirika. Baadhi yao hawakukijua Kiarabu sawasawa, na ndugu zao waliokuwa hawajatoka Oman waliwaita Wazanzibari. Katika hali hiyo chakula kilikuwa njia nyepesi ya kuelewana. Leo mandazi yanajulikana Oman kwa jina hilo hilo la Kiswahili.

Kutoka kibaba hadi gramu

Mazingira ya biashara nayo yamebadilika. Mjini Ibra, jirani na Al Qabil, kuna soko la wanawake la kila Jumatano ambapo wauzaji na wanunuzi ni wanawake. Mwaka 2001 serikali ya Oman ilianzisha mpango wa Sanad wa kuwasaidia raia kujiajiri, na mwaka 2013 ikaunda mamlaka ya kuendeleza biashara ndogo na za kati. Sinia lililokuwa likibebwa na mtoto sasa linatangazwa kwa picha kwenye simu, na oda za Ramadhani huchukuliwa mapema.

Ugumu uliobaki ni wa ndani ya nyumba. Bibi alipima kwa kibaba, kwa kiganja na kwa kunusa. Anayepika kwa oda ya watu 100 hawezi kukadiria hivyo. Lazima ajue gramu za unga na gharama za samli na gesi, na pia bei ya saa zake mwenyewe, ambazo nyumbani hazikuwahi kuhesabiwa. Wazee waliopikia Unguja kabla ya mwaka 1964 wanazidi kupungua, na wajukuu wengi wanazungumza Kiarabu zaidi kuliko Kiswahili.

Ndiyo maana baadhi ya familia hukaa na wazee hao jikoni na kuandika. Kuandika vipimo peke yake hakutoshi. Panapowezekana, inafaa kuandika pia ni nani aliyemfundisha bibi, awe mama yake mzazi, jirani wa Ng'ambo au mpishi wa shambani ambaye hakuna aliyewahi kuuliza jina lake.