Vijana wa Los Alamos waliambiwa

Mwaka 2019 nilipata kazi yangu ya kwanza baada ya diploma. Kontra ya miezi mitatu, upande wa Kolwezi, na kampuni moja ndogo ya huduma. Nilikaa chini ya hema na kompyuta, kamera na kile kimashini cha kuchukua alama za vidole. Wachimbaji wa mkono, wale tunaowaita ba creuseurs, walikuwa wanapita mmoja mmoja: jina, kijiji, picha, vidole kumi. Wengi hawakuuliza kitu. Siku ya tatu au ya nne akafika papa mmoja wa umri wa baba yangu, akatazama ile mashini, akaniuliza:

— Sasa bidole byangu, munabipeleka wapi, mutoto?

Nikamwambia vinaenda kwenye seva. Akauliza seva iko wapi. Nikasema: «Siyui, papa.» Akauliza ni ya nani. Hilo pia sikulijua. Nilikuwa nimesaini karatasi ya kutunza siri, kurasa nne nzima, lakini kusema ukweli, hata bila ile karatasi sikuwa na siri yoyote ya kutoa, sababu mimi mwenyewe sikuwa nimeambiwa kitu. Akacheka kidogo, akapanguza mkono kwenye suruali, akaweka kidole.

Kile kicheko nilikuwa nimekwisha kukisikia nyumbani. Nkambo aliyenilea Likasi ni binti wa mtu wa Shinkolobwe. Mgodi wenyewe uko kama kilomita 20 tu kutoka mjini. Wakati wa vita vya pili vya dunia baba yake alikuwa anapakia mawe pale. Watoto wakimuuliza mawe hayo ni ya kazi gani, alijibu: «Ya Wazungu», na akacheka. Hiyo ndiyo historia yote ya uraniamu iliyobaki katika familia yetu, maneno mawili na kicheko. Alikufa na kikohozi. Sitasema ni mawe yaliyomuua. Alivuta pia tumbaku tangu ujana wake.

Sisi watu wa Katanga tunapenda kuwaambia wageni kwamba bomu la Hiroshima lilitoka kwetu. Tunasema karibu kama tunajisifu. Mimi pia nimesema hivyo kwenye auditoire, na nikafurahi kuona macho ya wenzangu wa Kinshasa yanafunguka. Lakini tukishasema hivyo tunanyamaza, kama vile uraniamu ilitembea yenyewe kutoka Likasi mpaka Japani. Haikutembea. Kuna watu walioipeleka, na katika ile njia yote kuna watu walioambiwa na watu ambao hawakuambiwa. Juu ya hilo njo nataka kuandika leo.

Mawe ya Shinkolobwe yalionwa na Robert Sharp, Mwingereza mtafuta madini, mwaka 1915. Union Minière ilianza kuyachimba mwaka 1921, na yakawa yanapelekwa Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Olen, kutolewa radiamu. Radiamu ndiyo ilikuwa na bei. Ilitumiwa na waganga kutibu kansa. Uraniamu ilikuwa makapi tu, watu wa vyombo vya udongo na vioo waliitumia kutia rangi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 soko lilikuwa limejaa, kazi ikasimamishwa, maji yakaingia ndani ya mgodi.

Mwezi wa saba mwaka 1939, wanasayansi wawili wakimbizi kutoka Hungaria, Leo Szilard na Eugene Wigner, walipanda gari kwenda kumtafuta Albert Einstein, aliyekuwa kwenye mapumziko Long Island, karibu na New York. Wote tumesoma kwamba Einstein alimwandikia Rais Roosevelt juu ya bomu. Lakini wazo la kwanza la Szilard halikuwa Roosevelt. Szilard alijua kwamba Einstein anafahamiana na Elisabeth, malkia wa Ubelgiji, na alitaka amwandikie yeye, ili uraniamu ya Kongo isianguke mikononi mwa Wajerumani. Maana yake, jambo la kwanza kabisa lililowatia wasiwasi ni sisi. Bon, si sisi: mawe yetu. Hata barua iliyokwenda kwa Roosevelt, ya tarehe 2 mwezi wa nane 1939, inaitaja Kongo ya Wabelgiji kama chemchemi kubwa kuliko zote. Watu waliokaa juu ya ile chemchemi hawamo katika barua.

Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kuonywa vilevile na wanasayansi wa Ulaya kwamba ana kitu cha hatari mkononi. Mwaka 1940 akaagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe zipelekwe Marekani. Zilikaa kwenye mapipa ya chuma katika ghala moja ya Staten Island, New York, na kwa muda hakuna aliyezitaka. Mwezi wa tisa 1942 afisa wa jeshi, Kenneth Nichols, alimfuata Sengier ofisini kwake, na haikuchukua hata saa moja wakaelewana. Nichols hakuamini bahati yake. Mawe mengi ya Marekani na Kanada yalikuwa na uraniamu isiyofika sehemu moja katika mia. Haya ya Shinkolobwe yalikuwa na sehemu kama 65. Halafu jeshi la Marekani likasaidia kuutoa maji mgodi na kuufungua tena. Mawe yakawa yanapita kwa treni mpaka Port-Francqui, leo Ilebo, kwa mashua juu ya Kasai na mto mkubwa mpaka Léopoldville, kisha treni tena mpaka Matadi.

Kati ya hizo tarehe mbili kuna nyingine ambayo hatuiweki kamwe pamoja nazo. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara. Maisha yalikuwa yamepanda bei na vita, na kampuni ilikuwa inauza kila kilo ya shaba iliyoweza kutoa. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, Élisabethville, Lubumbashi yetu hii. Askari walipiga risasi. Serikali ilihesabu maiti kama hamsini hivi. Watu wa mji daima wamesema walikuwa wengi zaidi. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pale pale. Siku ile ile mapipa ya Sengier yalikuwa yamelala ghalani Staten Island, yakingojea mnunuzi.

Sasa twende Los Alamos, New Mexico, sababu huko ndiko jambo hili linatugusa sisi watu wa informatique.

Kutengeneza bomu kulidai hesabu ambazo mtu na karatasi yake asingezimaliza. Kwanza waliweka chumba cha wanawake, wengi wao wake za wanasayansi, kila mmoja na mashini yake ya mkono: huyu anajumlisha tu, yule anazidisha tu, karatasi inapita meza kwa meza. Baadaye zikaja mashini za IBM za kadi zenye matundu. Za kuziendesha, jeshi lilileta vijana waliotoka shule za sekondari, wenye vichwa vizuri kwa hesabu na ufundi. Waliwekwa kwenye kambi, wakapewa kadi, wakaambiwa zipitisheni. Za kazi gani? Haiwahusu. Ndiyo ilikuwa sheria ya Jenerali Groves: kila mtu ajue kipande chake na asiulize cha jirani.

Richard Feynman, aliyekuwa na miaka kama 26 tu, alipewa kusimamia ile kazi. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba vijana walikuwa wanakwenda polepole sana, hesabu tatu katika miezi tisa. Akaenda kwa Oppenheimer kuomba ruhusa ya kuwaambia wanachokifanya. Ruhusa ikatoka. Akawakusanya, akawaeleza: tuko vitani, haya ni mambo ya bomu, hesabu zenu zinaonyesha mlipuko utakavyokwenda. Kila kitu kikabadilika. Vijana wakaanza kubuni njia zao wenyewe za kwenda mbio, wakafanya kazi usiku bila kusimamiwa. Hesabu tisa katika miezi mitatu.

Hii hadithi inasimuliwa sana katika dunia ya kompyuta, na kila mara kama somo la wakubwa wa kazi: waelezee vijana wako, watazalisha. Mimi naisoma nikiwa mtoto wa Likasi. Wale vijana hawakuwa wanasayansi wakubwa. Walikuwa wafanyakazi wa chini katika ule mlima wa siri, na mtu alionelea kwamba wanastahili kujua. Upande wa huku, kwenye ncha ya kwanza ya ile kamba, waliokuwa wanapakia mawe hakuna Feynman aliyewaendea. Wala mwendo wao haukuhitaji kuelezewa. Kwa mwendo wao kulikuwa na kapita.

Utaniambia: kuambiwa kulisaidia nini? Waliambiwa, wakaenda mbio zaidi, na mji wa watu ukaungua. Ni kweli. Nimelizunguka hilo swali muda mrefu na silifichi. Kujua hakumfanyi mtu kuwa mwema. Lakini tazama Joseph Rotblat, Mpolandi, aliyekuwa Los Alamos vilevile. Alikuwa ameingia kwa kuogopa Hitler atalipata bomu kwanza. Mwishoni mwa 1944, alipopata habari kwamba Wajerumani hawana bomu, alifunga mizigo akaondoka. Kati ya wanasayansi wote wa mradi ule yeye peke yake anajulikana kuondoka juu ya dhamiri; mwaka 1995 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Aliweza kuondoka sababu alijua. Szilard naye, yule yule wa safari ya Long Island, mwezi wa saba 1945 aliandika ombi kwa rais juu ya kulitumia bomu dhidi ya Japani, na wenzake wa Chicago wakasaini; majina yalifika 70. Waliweza kusaini sababu walijua. Baba wa nkambo wangu hakuwa na kitu cha kukataa wala cha kukubali. Alikuwa na mawe.

Na hapo ninawalaumu hata hawa wema, kwa heshima yote. Ombi la Szilard linazungumza juu ya watakaouawa na bomu. Ni haki. Juu ya waliolichimba hakuna sentensi. Dhamiri ya sayansi ilianza kuhesabu pale jiwe lilipoingia laboratwari, na mpaka leo, ukifungua kozi za maadili tunazopewa, inaanzia pale pale.

Vita vikaisha, na mazoea yale hayakuisha. ENIAC, kompyuta kubwa ya Philadelphia ambayo tunaifundishwa mwaka wa kwanza (taa zake 18,000 tunazikariri kama katekisimu), ilionyeshwa kwa waandishi wa habari Februari 1946. Lakini hesabu yake kubwa ya kwanza ilikuwa imeanza mwezi wa kumi na mbili 1945, na ilikuwa ya Los Alamos, juu ya bomu la haidrojeni. Wanawake sita waliojifunza kuipangia kazi ile mashini, bila hata kitabu cha maelezo, siku ya sherehe hawakutajwa. Nasema hili haraka tu, kwa wale wanaofikiri kwamba kusahauliwa ni mambo ya Waafrika peke yetu.

Na Shinkolobwe? Ilifungwa wakati wa uhuru. Baadaye watu wakarudi kwa mikono, safari hii kwa kobalti. Mwezi wa kwanza 2004 amri ya rais ikawafukuza. Mwezi wa saba mwaka ule ule shimo likaanguka, wanane wakafa. Walikuwa wanarudi kuchimba hata baada ya amri, sababu njaa haisomi amri.

Kolwezi, jioni ya siku ile ya yule papa, nilimuuliza mkuu wangu data zinakwenda kwa nani. Akanijibu kwa Kifaransa, bila ubaya, kwamba kazi yangu ni kuingiza. Nikaingiza. Nilikuwa na deni la nyumba Lubumbashi na mdogo wangu alikuwa anangoja minerval. Rotblat aliondoka, mimi nilimaliza kontra yangu siku ya mwisho saa kumi na moja jioni na nikapokea franga zangu. Vidole vya yule papa viko mahali fulani, mimi nilivipeleka.

Tangu 2023 tuko na Code du numérique, na inazungumza juu ya ulinzi wa data za watu. Nimeisoma. Miezi miwili iliyopita kampuni nyingine iliniita kwa kazi karibu sawa na ile, hema na kimashini, mshahara mzuri kuliko wa kwanza. Kabla ya kusaini niliuliza mambo matatu: seva iko wapi, data ni za nani, na mtu akitaka jina lake lifutwe anamwendea nani. Yule bwana alijibu la kwanza bila shida, la pili kwa kuzungukazunguka. La tatu aliliandika kwenye daftari, akasema atauliza juu na kunipigia simu.

Ni wiki ya sita sasa. Simu iko hapa mezani.