Kiti cha Pili

Andika "Paul Bitok" kwenye intaneti na huenda mtu wa kwanza kukujia akawa mwanariadha: yule wa mita 5,000 aliyerudi na medali ya fedha kutoka Barcelona mwaka wa 1992, kisha akaenda Atlanta 1996 na kuleta nyingine. Shuka kidogo. Kuna Bitok wa pili, wa voliboli. Huyu hana medali ya Olimpiki. Alichonacho ni kisa ambacho mashabiki wa Malkia Strikers wakikaa pamoja bado hawakubaliani nacho.

Voliboli kwetu haidai mengi. Unaweza kuianzisha Osiri kesho: milingoti miwili, neti iliyolegea katikati, mpira mmoja, na mwalimu aliye tayari kubaki uwanjani baada ya kengele ya saa kumi. Kutoka viwanja vya vumbi namna hiyo, wanawake wa Kenya waliibeba Afrika. Ubingwa wa bara waliuchukua 1991, 1993, 1995 na 1997, mara nne mfululizo. Mwaka wa 2000 wakaenda Olimpiki ya Sydney, na 2004 wakaenda Athens.

Halafu mlango ukafungwa. Ajabu ni kwamba haukufungwa kwa sababu timu ilikuwa imeoza. Kenya ilikuwa bingwa wa Afrika tena 2005, 2007, 2011, 2013 na 2015. Lakini tiketi ya Olimpiki ilikuwa na mchujo wake peke yake, na hapo ndipo tulipokuwa tunateleza. Algeria walienda Beijing 2008 na London 2012. Cameroon wakaenda Rio 2016. Unaweza kuwa malkia wa bara zima na bado, kila baada ya miaka minne, ukaishia kwenye kochi na rimoti mkononi.

Miaka hiyo mingi, Bitok hakuwa Nairobi. Alikuwa Rwanda, ambako alikaa takriban mwaka wa kumi akifundisha timu za taifa, za wanaume na za wanawake. Kazi ya kocha ugenini ina ukweli wake mkavu. Hakuna anayekuvumilia kwa sababu mlisoma shule moja. Unapewa wachezaji ambao hukuwalea, lugha ambayo si yako, na mkataba wenye tarehe ya mwisho. Ukidumu muongo mzima hapo, basi kuna kitu unakijua.

Akarudi nyumbani. Januari 2020 alikuwa kwenye benchi la Kenya kule Yaoundé, kwenye mchujo wa Tokyo. Timu zilikuwa tano: Kenya, Cameroon, Misri, Nigeria na Botswana. Tiketi ilikuwa moja. Cameroon walikuwa nyumbani, na ndio waliokuwa wametunyang'anya ubingwa wa Afrika mwaka wa 2017 na tena 2019. Kenya ikawapiga mbele ya mashabiki wao, ikamaliza kileleni, na ukame wa miaka 16 ukaisha. Kocha mkuu: Paul Bitok.

Miezi miwili baadaye dunia ikafungwa. Korona ikaisukuma Olimpiki hadi 2021, na kwenye hilo pengo mambo yakabadilika. Shirikisho la voliboli la dunia lilikuwa na mpango wa kuzisaidia timu za taifa, na kupitia mpango huo akaja Luizomar de Moura kutoka Brazil. Si mtu wa kubeza: mwaka wa 2012 aliifikisha klabu ya Osasco kwenye ubingwa wa dunia wa vilabu. Akapewa kiti cha kocha mkuu. Bitok, aliyeleta tiketi, akasogea kwenye kiti cha pili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tunavyosema. Lakini je, mwenyeji hakuwa mgonjwa? Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Kuna waliosema ni dharau tupu, mtu alime halafu mwingine avune. Kuna waliosema acheni siasa, ujuzi wa Brazil hauji bure kila siku. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na nilikuwa na hasira.

Kisha Tokyo ikaanza. Kenya ilipangwa na Japani, Korea Kusini, Serbia, Jamhuri ya Dominika na Brazil. Tulicheza mechi tano, tukapoteza zote, seti tatu kwa nunge kila mara. Ukitazama vizuri, tatizo lilianza kabla hata hatujarusha mkono. Sevu zilikuja kwa kasi na zikipinda. Mpokeaji akiyumba kidogo, mpira hauendi kwa seta, seta anaukimbiza pembeni, na kufikia hapo mpinzani tayari anajua ni nani atapiga. Anamsimamishia ukuta wa mikono minne. Ustadi wa kupokea sevu kama hizo haufundishwi kwa miezi michache, hata na mtu wa Osasco. Unatokana na kuzipokea wiki baada ya wiki, miaka nenda miaka rudi. Tena kati ya timu hizo tano, tatu zilifika nusu fainali.

Septemba mwaka huohuo, Bitok alikuwa tena kocha mkuu, na ubingwa wa Afrika ulikuwa wapi? Kigali. Akarudi kwenye mji uliomjua kwa miaka kumi, akaifikisha Kenya fainali, na Cameroon wakatufunga seti tatu kwa moja. Hakuna filamu ingemwandikia mwisho huo.

Agosti 2023, kule kule Yaoundé, Kenya ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kumi, na baadaye ikafuzu kwenda Paris. Kocha mkuu alikuwa Mkenya, Japheth Munala, na safari hii hakuna aliyemsogeza. Mwaka wa 2024 alikaa kiti cha kwanza kwenye Olimpiki. Brazil, Poland na Japani wakatupiga. Tatu kwa nunge, zote tatu.

Hapo hasira yangu ilibidi ibadilishe anwani. Mbrazil alipoteza vilevile, Mkenya akapoteza vilevile. Katika Olimpiki nne, Kenya haijashinda hata mechi moja. Tumebishana sana kuhusu nani akae kiti kipi, na kidogo sana kuhusu kinachofanyika katika ile miaka mitatu ambayo hakuna Olimpiki: ligi ina nguvu gani, timu inacheza na nani nje ya Afrika, na yule mwalimu wa saa kumi ana mipira mingapi.

Hilo halifuti kilichotokea 2021. Aliyefungua mlango alistahili kuingia wa kwanza, hata kama ndani kulikuwa na kipigo. Kushindwa kwenyewe pia ni haki ya kocha: ndiyo njia ya kujua ni nini cha kurekebisha. Munala aliipata haki hiyo. Bitok aliitazama kutoka kiti cha pili.