Kijana wa dukani, racheti na miaka 20 mahakamani

Kazi za gazeti zimenibana, na juzi nimemaliza nusu siku gereji nikisubiri gari la ofisi. Katika kusubiri huko nikawa namtazama fundi akifungua nati kwa racheti ya upepo. Nikamuuliza: "Fundi, kwani ndani ya hicho kitu kuna nini?" Akacheka. "Kaka, ndani kuna mkono wa mtu."

Nimesoma kidogo baada ya pale, na nakiri alikuwa sahihi. Racheti ya kawaida ina gurudumu lenye meno na ulimi mdogo unaosukumwa na springi. Ukivuta mpini upande mmoja, ulimi unakamata jino na nati inazunguka. Ukirudisha mpini, ulimi unaruka juu ya meno, tra-tra-tra, nati inabaki pale pale. J.J. Richardson wa Woodstock, Vermont, alipata hataza ya spana ya soketi ya namna hiyo mwaka 1863, Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Racheti ya upepo haikubadilisha wazo hilo. Hewa ya kompresa inazungusha mota ndogo, gia zinapunguza kasi na kuongeza nguvu, kisha ekseli ambayo ncha yake imekaa pembeni kidogo ya kitovu inakisukuma kichwa kwenda na kurudi, haraka haraka. Yaani ule mkono wa fundi, ila huu hauchoki. Tatizo ni pale nati inapogoma: chombo chenyewe ndicho kinageuka, na vidole vinagonga chuma. Fundi wangu alinionyesha kovu.

Lakini kilichonikesha usiku ni kitu kidogo zaidi, kile kitufe kilichopo mgongoni mwa kichwa cha racheti nyingi za mkono.

Mwaka 1963 kijana wa miaka 18, Peter Roberts, alikuwa muuzaji katika duka la Sears mjini Gardner, Massachusetts. Wakati huo soketi ilishikiliwa na kigololi chenye springi, na kuibandua kwa mikono yenye grisi ilikuwa shughuli. Baada ya saa za kazi Roberts akatengeneza racheti yenye kitufe: ukibonyeza, pini inashuka, kigololi kinapata shimo la kuingia, soketi inadondoka yenyewe. Mkono mmoja unatosha. Akaomba hataza, na kwa ushauri wa meneja wake akawapelekea wakubwa wa Sears wazo lake mwaka 1964.

Hapo ndipo palipo na habari yenyewe. Sears walimweleza kwamba uvumbuzi wake hauna jipya kubwa na thamani yake ni ndogo. Mwaka 1965 kijana akasaini: mrabaha wa senti 2 kwa kila racheti, mwisho dola 10,000, basi. Wasichomwambia ni kwamba walikwishaifanyia majaribio na walijua itauzika. Siku chache baada ya saini walikuwa wanatengeneza 44,000 kwa wiki! Miezi tisa haikupita, zile dola 10,000 zikawa zimekwisha na haki zote zikawa za kampuni. Kufikia 1975 racheti zaidi ya milioni 19 zilikuwa zimeuzwa.

Roberts alifungua kesi Desemba 1969. Jopo la wananchi lilikubali kwamba alidanganywa, likampa dola milioni 1, na mahakama ya rufaa ikaafiki mwaka 1978. Akarudishiwa hataza yake, akafungua kesi nyingine ya kuingiliwa haki. Akashinda tena. Lakini mwaka 1983 mahakama ile ile ya rufaa, safari hii majaji wake wote wakiwa wamekaa pamoja, ikatengua ushindi huo na kuagiza kesi ianze upya, kwa sababu jopo halikuelekezwa vizuri kuhusu swali moja: je, uvumbuzi huu ulikuwa jambo ambalo fundi yeyote mzoefu angeweza kulifikiria?

Swali hilo linaniudhi, nisamehewe. Kama lilikuwa wazi kiasi hicho, mbona miaka mia moja tangu Richardson hakuna aliyelileta dukani? Wanasheria mnaopita hapa, nielimisheni.

Pande mbili zilimalizana nje ya mahakama mwaka 1989. Kijana wa miaka 18 alikuwa sasa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Sears waliuza jina la Craftsman, lililokuwa likipigwa kwenye zana zao, kwa Stanley Black & Decker mwaka 2017, na mwaka uliofuata wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Fundi alipomaliza gari nilimwomba racheti yake ya mkono. Haina jina lolote, imechakaa, mpini umezungushiwa utepe. Nikabonyeza kitufe, soketi ikaangukia kwenye ndoo ya mafuta machafu. Akanitazama tu.